Mkeka Tuliokukunjia, Bubu Titilia

Wee Bubu, bibi yangu, hata sijui nianzie wapi! Kesho ndiyo mwaka unatimia tangu ulipotuacha, kesho tunavua nguo nyeusi, mjomba Savenaca ananyoa hizo ndevu zilizomfika kifuani, na mimi habari zimenijaa kooni mpaka chai haipiti. Nyingine nzuri. Nyingi si nzuri. Nisikilize tu, kama zamani ulivyokuwa ukimenya muhogo na kuniambia, "Emele, vuta pumzi kwanza."

Haya, nimevuta.

Tunakukumbuka, Mwalimu Titilia Nabola, kwa miaka yako thelathini na moja katika shule ya Vunikavika. Penseli ulizifunga kwa kamba kwenye madawati, ukasema penseli ni ya dawati, si ya mtoto. Basi hakukuwa na mtoto asiye na penseli. Viatu vyote vilibaki nje ya mlango, na wewe mwenyewe ulifundisha miguu mitupu, nani angejua aliyekuja bila? Hata yule mkaguzi wa shule kutoka mjini Labasa alivua, soksi ikawa imetoboka, kidole gumba kinachungulia, darasa zima likamwonea huruma. Uliuma midomo usicheke. Tulikuona, Bubu!

Na mkeka wako. Kengele ya saa sita ikilia, kila mtoto analeta kopo lake limefunikwa, anaweka pembeni ya mkeka, basi. Wawili wa darasa la nane wanayapeleka jikoni, wanafungua, wanamwaga kila kitu kwenye masinia: magimbi, samaki wa kopo, chapati na mchuzi wa viazi wa watoto wa mashamba ya miwa. Yakirudi mkekani ni chakula cha wote, na hakuna anayejua kipi kimetoka kwa nani. Wanaoona kilichomo kwenye kila kopo ni wale wawili wa jikoni tu.

Nilipofika darasa la nane nilikuwa mmoja wao. Nikafungua kopo moja nikakuta jiwe. Jiwe, limefungwa vizuri kwenye jani la mgomba, kopo lisisikike tupu! Nikaja mbio kwako nacheka.

"Bubu! Njoo uone kilichomo humu!"

"Umeona nini?"

"Jiwe!"

"Umeona muhogo."

"Bubu, ni jiwe, hili hapa."

"Emele. Umeona nini?"

"... Muhogo."

"Umeiva?"

"Umeiva, Bubu."

"Haya, kaukate."

Nilikata hewa kwenye ubao wa kukatia, wewe umesimama unanitazama mpaka nikamaliza. Sijawahi kumwambia mtu. Mimi, na domo hili!

Sasa ile mbaya. Siku ya kukuzika watu walikuwa wanasema watakachokiacha mwaka mzima kwa ajili yako. Mama akaacha kula kaa. Mjomba akaacha wembe. Mimi nikasimama nalia, nikasema mkeka wa Bubu ukunjwe, asiukalie mtu mpaka siku ya kuvua nyeusi. Watu wakalia zaidi. Mwalimu Mkuu akasema hiyo ndiyo heshima. Ukapandishwa juu ya kabati. Bubu, tulikunja mkeka tukakunja na chakula cha watoto ndani yake.

Kila mtoto akawa anakula na kopo lake kwenye kona yake. Muhula wa pili wengine wakaanza kwenda mtoni saa sita, eti kuoga. Na mimi ninafundisha pale pale! Nina cheti cha ualimu, nilisomea mpaka somo zima la umaskini na mtoto, nikafaulu vizuri sana. Nikawa nawatazama wanashuka mtoni mara nne kwa wiki, nasema moyoni, jamani, watoto hawa ni wasafi.

Asinate wa darasa la pili hakwenda mtoni. Alikaa na kopo lake mapajani, limefunikwa, anasema atakula baadaye. Siku moja wenzake wakamnyang'anya kwa mchezo. Jiwe likabingirika barazani mpaka miguuni pangu.

"Mpishi wa mawe!" wakaanza. "Asinate, lako lina chumvi? Tuonjeshe!"

Unajua nilifanya nini? Nilisimama tu. Ningesema nimeona muhogo, ila siku hiyo kila mtu alikuwa ameona.

Wiki ya tano hii hajarudi shuleni.

Nikaenda kwa mjomba nikamwambia tuushushe mkeka. Akakataa. "Mwiko uliwekwa mbele ya jeneza, Emele. Hauvunjwi kwa sababu umetuchosha."

"Hata kama watoto wana njaa, mjomba?"

"Aliyeuweka nani?"

Nikajinyooshea kidole. Akajikuna ndevu kitambo, halafu akasema, "Mwiko wa mama siugusi. Ila hakuna mwiko wa kwenda kuomba radhi."

Basi leo asubuhi tumekwenda, yeye mbele amekumbatia fungu la mizizi ya kava, zawadi yetu ya kuombea radhi, mimi nyuma nimeinamisha kichwa, mpaka nyumbani kwa Vasemaca, mama yake Asinate. Unamkumbuka, tulisoma naye darasa moja. Tukaketi chini. Mjomba akasema maneno yote ya radhi kwa niaba ya nyumba yako. Vasemaca akasikiliza, hakugusa mizizi, akanigeukia mimi.

"Lile jiwe la darasa la nane lilikuwa langu," akasema.

Bubu, nilihisi mkeka nilioukalia unazama.

"Siku ile nilikutazama mdomo mpaka tunatoka shule. Nani asiyelijua domo lako, Emele? Nikasema leo nimekwisha. Hukucheka. Kesho yake hukucheka. Ndiyo maana nilirudi shule." Akafuta macho kwa kiganja cha mkono wake. "Mwezi uliopita nilipokosa muhogo wa mwanangu, nikamfungia jiwe, nikamwambia usiogope, pale kuna mkeka. Sikujua mmeukunja."

Mjomba akatazama chini. Mimi ndio kabisa.

Mwishowe Vasemaca akaipokea ile mizizi, akapiga makofi ya kupokea, nasi tukapumua. Nikamwambia kesho mwiko ukishaondolewa tunautandika mkeka shuleni, ukoo wetu wote utaleta makopo yamefunikwa, na nataka Asinate ndiye afungue pamoja nami jikoni. Najua ni kazi ya darasa la nane. Lakini yeye ataweza kunyamaza kuliko mtu yeyote.

Mtoto alikuwa nyuma ya mlango, nikaona vidole vya miguu. "Umesikia, Asinate?" mama yake akaita. Vidole vikajikunja. "Nitamleta mpaka getini," akasema. "Kuingia ni kwake."

Nikamwuliza kama naweza kuyaandika haya kwenye tangazo lako la kumbukumbu. Akasema, "Andika, na jina langu liwepo. Wasidhani jiwe ni la mwanangu peke yake."

Wanaokukumbuka ni mumeo Apenisa, ambaye bado anakutengea kikombe. Wanao Savenaca na Mereoni. Wajukuu wako tisa, mimi mwenye domo nikiwemo. Walimu wenzako wa Vunikavika. Na wote waliowahi kula mkekani kwako, wenye samaki na wenye jiwe, ambao majina yao uliondoka nayo bila kumtajia mtu. Kengele ya saa sita hailii kwetu bila wewe kupita mioyoni mwetu, na itakuwa hivyo maisha yetu yote.

Mkeka nimeushusha kwa ruhusa ya mjomba, asiukalie mtu bado, uko jua­ni unatoa vumbi. Makopo yameoshwa. Kesho nitasimama mlangoni pa jikoni, nitazame geti. Kama Asinate ameingia, au kama amegeuka njiani, nitakuja kaburini kwako kesho hiyo hiyo, na viganja vinanuka muhogo, nikwambie yaliyobaki.