Aliyelia Ndani ya Pipa la Unga

Bakersfield, 11 Oktoba 1955

Mdogo wangu Verna,

Hujambo? Na wa nyumbani kwako? Sisi huku wazima, ila kiuno changu hunikumbusha umri kila nikiinama.

Zile filamu fupi za vichekesho tulizocheza utotoni, zisizo na sauti, sasa zinaonyeshwa kwenye televisheni kila alasiri. Wanangu hawabanduki. Miaka thelathini imepita na bado wanashika mbavu! Jana ilikuwa ile ya pipa: Chipukizi, yule mtoto mtundu wa kofia, analia ndani yake, unga umegeuka uji mashavuni. Nikawaambia, "Huyo ni mimi." Leo Donna, yule wa miaka minane, amemwambia mwalimu wake, na Ijumaa nimealikwa darasani.

Basi moyo hautulii. Mimi nilikuwa Chipukizi mpaka suruali ikanibana, kisha wewe, ingawa msichana, ukakatwa nywele ukavikwa kofia ileile. Ni mimi au ni wewe? Unga naukumbuka puani. Lakini sijui kama nakumbuka kulia, au nakumbuka kujitazama nikilia. Nisije nikaaibika mbele ya mwanangu. Nijibu upesi.

Kaka yako,
Merle

Culver City, 13 Oktoba 1955

Kaka Merle,

Tuko salama, ahsante. Miaka minne hujaniandikia, na siku unayoandika unauliza habari za unga!

Ni mimi, kaka. Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Bwana Fosdick, mwongozaji, aliniinamia akaninong'oneza neno, nikaangua kilio, mpini wa kamera ukazungushwa. Kisha nikapewa aiskrimu. Usiende kuwadanganya watoto wa watu.

Mdogo wako,
Verna

Bakersfield, 18 Oktoba 1955

Verna mdogo wangu,

Natumai barua hii imekukuta mzima. Yako ilinikuta nimeshatoka shuleni. Nilisema ni mimi. Darasa zima lilipiga makofi, na Donna alinishika mkono hadi nyumbani.

Sasa nimevurugika zaidi. Hata mimi Fosdick alininong'oneza! Aliniambia mama amekufa. Nikalia, nikapewa aiskrimu. Sasa nani ni nani?

Jana wameirudia. Alikuwepo jirani yetu Bi Pruett, ambaye hasikii tangu utotoni, husoma midomo. Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Hiki kitoto kinaita Merle," akasema. "Merle, Merle, hakuna jingine."

Mtu hujiita mwenyewe akilia? Verna, wewe Fosdick alikunong'oneza nini?

Kaka yako,
Merle

Culver City, 20 Novemba 1955

Kaka yangu Merle,

Nisamehe kwa ukimya. Tu wazima. Barua hii nimeianza na kuichana mara tatu.

Wewe ulilia kwenye filamu nyingine, yenye pipa pia. Fosdick alipenda mapipa. Hii ni yangu. Mimi hakuniambia mama amekufa. Mama alikuwa amesimama palepale, ningemwona. Aliniambia umekufa wewe. Nami niliamini, maana ulikuwa umeachishwa kazi na asubuhi ile hukuja nasi. Mama alinyamaza.

Waache wanao wacheke, kaka. Ni filamu nzuri. Mimi mwenyewe huitazama, na hucheka, kisha nashangaa kwa nini nacheka.

Jioni ile tulikukuta umekaa kizingitini, umeninunia kwa kukuchukulia nafasi yako. Umeninunia hadi leo, miaka thelathini, ukidhani sijali. Nilikaa kando yako nikakutazama ukinuna, na sijawahi kufurahi vile tena.

Mdogo wako,
Verna