Nilimchapa Binti Yangu Ili Wageni Wasinicheke

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa dukani kwa aibu ambayo hata mke wangu sijamweleza, maana mimi ni mzee wa kanisa hapa Berega, nina miaka arobaini na sita, nashinda nimekaa nyuma ya kaunta nauza saruji na misumari, na mwaka jana nesi alinipima presha akatikisa kichwa, akaniambia, "Baba, usipoutoa jasho huo mwili utatuacha mapema," nami kukimbia barabarani naona haya, basi nikaanza kucheza rede na binti zangu, Magreth wa miaka kumi na Perpetua wa saba, wao wanarusha mpira wa soksi huku na huku, mimi katikati nakwepa, kila jioni, uani, geti limefungwa.

Mshauri, nilipungua. Presha ikashuka, suruali zikaanza kunivuka, na watoto wakawa wananisubiri nirudi. Ila sikutaka mtu ajue, kwa sababu rede ni mchezo wa wasichana, na mtu anayeamkiwa shikamoo barabara nzima haonekani akirukaruka.

Wiki tatu zilizopita geti lilisahauliwa wazi, Mzee Timotheo wa kanisani kwetu na wenzake wawili wakaingia kuzungumzia sikukuu ya mavuno, wakanikuta nimejifunga khanga ya mke wangu kiunoni kuzuia suruali, nahema, na Perpetua ndiyo kwanza amenipiga na mpira mgongoni, anashangilia, "Nimempata baba!" Nikavua kandambili nikamchapa mara mbili, nikasema, "Mtoto gani asiye na adabu, anamrushia baba yake mpira!" Aliwaamkia wageni huku analia, kama nilivyomfundisha. Mzee Timotheo akanisifu kwamba watoto wa siku hizi wanataka hivyo hivyo, nami nikasema asante.

Juzi nikawaambia watoto walete mpira. Perpetua akaenda kwanza kuchungulia getini, akarudi akaniuliza, "Baba, wakija watu utanipiga tena?" Nikasingizia nina kazi. Presha imepanda, lakini kinachoninyima raha ni lile swali. Je, nimwache tu, atasahau mwenyewe?

Hezekia, Berega

Hezekia, hapana. Mtoto wa miaka saba hasahau, anajifunza, na alichojifunza ni kwamba ana baba wawili, wa geti likifungwa na wa geti likifunguka. Nakuhurumia, kwa sababu macho ya wazee yanabana kweli, na umeandika bila kujipamba. Lakini huruma yangu inaishia kwenye hiyo kandambili. Ulihitaji maneno matano tu: "Tunacheza, karibuni, nakuja sasa hivi." Wangecheka, ndiyo. Wangecheka, wakanywa chai, wakaenda zao. Wewe ukaona heri alie mtoto.

Na aibu yenyewe ya nini? Kukaa kaunta mpaka miguu ivimbe huoni haya, kukimbizwa na damu yako ndiyo unaona haya! Mchezo wa wasichana, unasema. Una wasichana, baba, ulitaka kucheza na nani?

Sasa nisikilize. Leo, kabla ya chakula, mwombe Perpetua radhi mbele ya mama yake na Magreth. Mwambie, "Nilidanganya, wewe hukukosa," na usiongeze "lakini". Mkeo atakasirika, mwache akasirike. Kesho nenda kwa Mzee Timotheo, mpe shikamoo yake, mweleze ukweli wote na umrudishie zile sifa. Wiki hii kapime presha, na kama ulipewa dawa usiziache kwa sababu ya rede.

Kisha fungua geti, mchezo uendelee. Perpetua akigoma, usimhonge pipi. Cheza na Magreth, umwachie mdogo wake nafasi mpaka atakapotaka kuingia mwenyewe. Ipo siku wageni watawakuta tena mko katikati ya mchezo, na siku hiyo Perpetua hatawatazama wageni, atautazama mkono wako. Wakaribishe kwa mkono huo huo, halafu mwambie arushe.