Kamba ya Kiatu Chako

Nyumba za Walimu, mlango wa nne,
S.L.P. 87.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo humu ndani. Vipi afya yako? Ule mgongo uliokusumbua mwezi wa pili umetulia, au bado unainamia meza ya randa huku umeuma meno? Wifi hajambo? Watoto je? Binti yako mkubwa aliniandikia kwamba amefika kidato cha pili, na ile barua niliisoma mara tatu, maana ana mwandiko wako, herufi zote zimelalia kushoto kana kwamba zinasukumwa na upepo.

Sisi huku wazima. Macho yangu ndiyo yanaanza kunisaliti. Miwani ya kwanza ilikaliwa na shemeji yako, na ya pili naificha asiione. Mama anaendelea vizuri na dawa zake za presha. Anakuulizia kila siku, na kila siku namjibu kwamba utakuja likizo. Usinifanye mwongo.

Nina jambo zito la kukueleza, na nimelibeba wiki tatu. Nilitaka kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha yako, nami ningecheka, na tungeishia kuzungumza habari za mvua. Kwa hiyo tafadhali soma polepole.

Mwaka huu wilaya yetu imeamua kubadili ufundishaji wa hesabu katika shule zote arobaini na moja. Kukariri kumewekwa pembeni. Sasa watoto wanashika vitu mikononi, vizibo vya soda, vijiti, kamba, karatasi za kukunja, halafu wanajadiliana wao kwa wao kabla mwalimu hajasema lolote. Kitabu cha mwalimu kinaagiza kwamba mtoto akijibu, awe amepata au amekosa, umwulize, "Umefikirije?" Kisha unyamaze, ungoje. Nyumba yetu imejaa vizibo mpaka shemeji yako ananiuliza nimefungua baa lini.

Sikuufurahia mtaala huo, sikufichi. Nina miaka thelathini na moja darasani. Watu wazima wenye mvi hunisimamisha barabarani wakanisomea jedwali la saba bila kukwama. Leo naambiwa ninyamaze, mimi, ambaye shemeji yako anasema hata usingizini nasahihisha. Basi kwenye semina nikawa naitikia kwa kichwa tu, na darasani narudi kulekule nilikozoea.

Kisha tukaambiwa mkaguzi wa wilaya anakuja kuangalia somo la darasa la tano: theluthi mbili na robo tatu, ipi kubwa? Nilijiona naumbuka mbele yake, watoto arobaini na wanane wakibishana ovyo. Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani mwalimu wa zamani tu ndiye anaweza kulifanya. Nilichukua daftari nikaandika majadiliano yote, nani aseme nini, nani apinge, nani anyooshe mkono kwa kusitasita, halafu nikawakaririsha. Siku mbili nzima tulikariri kubishana.

Katika mabishano lazima awepo anayekosea, ili wenzake wamsaidie. Nikamteua binti wa mshona nguo wa pale kona, mtoto mpole asiye na ubishi. Siku ya mazoezi alikuwa ameanza kukunja kamba yake na kusema kitu, nikamkatiza. Nilimwambia kazi yake yeye ni kukosea, na akosee kwa sauti ili mgeni asikie.

Mgeni alisikia. Mtoto alikosea vizuri kabisa, mwenzake akapinga, wa tatu akawapatanisha, na mkaguzi alitabasamu muda wote huku anaandika. Alinisifu mbele ya mwalimu mkuu, akasema darasa langu ndilo litakuwa la mfano, na kwamba nitafundisha somo hilohilo ukumbini mbele ya walimu wa wilaya nzima, ili wale wanaosuasua waamini. Mwalimu mkuu alinipa mkono mara mbili. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku iliyofuata niliandika ubaoni swali jipya la sehemu, nikawaambia leo jadilianeni. Wote walinitazama mimi. Kisha binti wa mshona nguo akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote:

"Mwalimu, leo nikosee tena?"

Mdogo wangu, nimefiwa, nimeugua, nimetukanwa mbele za watu, lakini sijawahi kusikia neno lililonikata kama lile. Wala hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza zamu yake tu.

Niliketi. Nikamwambia hapana, leo hakuna zamu, na lile swali la juzi tulirudie, aniambie alichotaka kusema siku nilipomkatiza. Nikamwuliza umefikirije, nikanyamaza. Akachukua kamba mbili zenye urefu sawa, moja akaikunja sehemu tatu, nyingine sehemu nne, akafunika kwa kidole sehemu moja ya kila kamba. Halafu akasema robo tatu ndiyo kubwa, kwa sababu kilichokosekana ni kidogo zaidi.

Maneno hayo nilishawahi kuyasikia. Wewe unajua wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wangu wa kwanza kazini, nawe ulikuwa darasani kwangu, umeamriwa na Baba uniite mwalimu mpaka tutoke getini. Nilikuita ubaoni. Swali lilikuwa hilihili. Niliitaka njia ndefu ya kitabuni, namba za chini zifanywe sawa kwanza. Wewe ukainama, ukavua kamba ya kiatu chako, ukaanza kuikunja, ukasema kilichokosekana ni kidogo. Darasa likaangua kicheko. Nami, badala ya kukuuliza una maana gani, nilikupokonya ile kamba nikaitupa kwenye kapu la taka, nikakuandikia yai la wino mwekundu. Nilihofia watasema nampendelea mdogo wangu. Ulirudi nyumbani kiatu kimoja kinapwaya, unaburuta mguu, na njia nzima ulitembea nyuma yangu.

Sikuishia hapo. Mwisho wa muhula niliandika kwenye ripoti yako, kwa mkono wangu huu, kwamba huna akili ya hesabu. Baba aliisoma kwa sauti mezani. Aliniamini kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Ulipomaliza la saba hakuhangaika hata kukutafutia shule, akakupeleka kwa fundi seremala. Watu husema umefanikiwa, na ni kweli, meza zako haziyumbi. Lakini najua ulichokitaka. Ulitaka kujenga madaraja. Ulikuwa ukiyachora nyuma ya madaftari yako ya hesabu, nami nikikukata alama kwa kuchafua daftari.

Siku ya lile somo la mfano, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwenzangu anayefundisha darasa la nne, nilipomdokezea kwamba nataka kukiri, alinishauri niume ulimi. Alisema walimu wasioutaka mtaala huu watapata fimbo ya kuupigia, na ofisi ya elimu itaaibika. Hakukosea. Lakini niliwatazama watoto wangu wamekaa pale mbele na kamba zao, wananisubiri niwape ishara, nikashindwa. Nilisimama nikawaambia walimu wenzangu kwamba somo lililosifiwa na mkaguzi lilikuwa mchezo wa kuigiza, na aliyeutunga ni mimi. Wengine walicheka. Mkaguzi alifunika kalamu yake akaangalia chini. Kisha nikawauliza watoto swali ambalo sikuwa nimewapa hata siku moja, nikanyamaza.

Ilikuwa vurugu, sikudanganyi. Walibishana dakika arobaini, wengine wakapotea kabisa, na muda ukaisha kabla hawajakubaliana. Binti wa mshona nguo alikosea mara moja, safari hii kwa akili yake mwenyewe, akarudi kwenye kamba akajisahihisha. Watoto walipotoka, mwalimu mmoja wa viti vya nyuma, mkubwa kwangu kwa umri, alisimama akasema hata yeye alishawagawia wanafunzi wake maneno ya kusema. Akasimama mwingine. Nilihesabu saba.

Darasa la mfano nimenyang'anywa, na mwalimu mkuu ananisalimia juu juu. Lakini mtaala haukufutwa. Ofisi imeamua walimu wote tujifunze upya muhula mzima kabla ya ukaguzi mwingine, na kila Jumamosi tunakaa kwenye madawati ya watoto na kamba mikononi. Magoti yangu yanalalamika. Jumamosi iliyopita nilikosea mbele ya wote, na aliyenifundisha akaniuliza nimefikirije, akaningoja mpaka nikapata. Nilitoka nje nikalia, kwa sababu haikumgharimu chochote kuningoja.

Naomba unisamehe. Ningeweza kujitetea kwamba nilikuwa msichana mdogo, mgeni wa kazi, na kwamba siku zile wote tulifundisha vile. Yote ni kweli, na hayakurudishii kitu. Mlango niliufunga mimi, na ukatafuta njia yako kupitia dirishani, na miaka yote hii umekuwa ukinitumia salamu njema na viti. Usiharakishe kunifariji. Najua ulivyo mwepesi wa hilo.

Mama anakusalimu sana, anasema ukija umletee kigoda cha kuwekea miguu. Shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wote wawili. Nisalimie wifi na watoto, hasa binti yako. Mwambie shangazi atamjibu barua yake, na kwamba asiogope kuchora nyuma ya daftari. Mungu akuzidishie afya, aibariki kazi ya mikono yako, na msumeno uendelee kukuheshimu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kamba ya kiatu, mpya, nyeusi, urefu uleule. Ukipata nafasi ikunje, kisha uniandikie yale ambayo sikukuacha uyamalize. Ulifikirije siku ile, mdogo wangu? Nanyamaza sasa. Nakungoja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
niliyekuwa mwalimu wako.