Nguzo Mbili za Mia na Kumi na Nane

Kambi ya barabara, 4 Mei

Jemadari wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa mama yako umepoa, au bado ameinamia cherehani tangu asubuhi? Mimi mzima. Vidole tu vimejaa rangi nyeupe isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na wenzangu wananiita Bwana Harusi kwa sababu ya glovu hizi.

Sasa nisikilize. Msimamizi amenipa siku kumi mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa. Safari yetu ya pwani ipo! Mjomba wako amekubali kuleta pikapu na kuendesha mwenyewe. Mama ashone hema kwa lile turubai la lori, na umwambie asitie maua. Mtaanzia hapo mjini, nguzo ya sifuri, bahari mkono wa kulia, mpaka mnikute kambini. Kila nguzo ya kilomita mtakayoipita nitakuwa nimeiandika namba kwa mkono wangu. Mdogo wako Kasuku akae mbele azisome kwa sauti, maana yule husoma hata pakiti ya sabuni.

Kilomita ya 36 kuna mto unaoingia baharini, maji yake baridi. Hapo mtakula. Kilomita ya 77 Mjomba apunguze mwendo, kona ni kali. Usiku wa kwanza mtalala kilomita ya 118. Bado sijafika huko na brashi, lakini nimeshapaona: mchanga safi, mivinje ya kukinga upepo, na bahari haina kelele.

Wewe ndiye mpangaji mkuu. Andika orodha ya vitu, usisahau dumu la maji. Barua mpe dereva wa lori la kokoto, huku simu hazishiki mtandao.

Baba yako


Nyumbani, 11 Mei

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Mama anasema mgongo ni wake na ataufanya anavyotaka.

Mimi siendi.

Mwaka juzi tulifunga mabegi tukakaa kibarazani kutwa nzima, na jioni akaja dereva wa lori na salamu zako. Mwaka jana Kasuku alilala na miwani ya kuogelea usoni siku tatu, eti ukifika usimsubiri. Nilimvua mimi. Wewe hukuwepo kuona alivyokaza uso asilie.

Mwaka huu nina miaka kumi na sita. Wenzangu wa darasani wanakwenda kupiga kambi milimani, na nimeshajiandikisha. Baba, unaijua kila kilomita ya barabara hiyo. Hujui kwamba nimempita Mama kwa urefu. Tafuta mtoto mwingine wa kumdanganya.

Mimi


Kambi, 19 Mei

Jemadari,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa Kasuku. Afya ninayo. Moyo ndio hauko sawa, na siwezi kukuficha.

Barua yako ilinikuta kazini, ndoo ya rangi mkononi. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaikunjua tena. Sina la kujitetea. Kila ulichosema ni kweli na kimeniuma. Chini umejiita "Mimi", kama mtu asiyenihusu. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Haya, nikuchekeshe kidogo. Siku hiyo niliandika 118, nikatembea kilomita nzima nikikujibu kichwani, nikafika nguzo ya pili nikaandika 118 tena. Miaka tisa ya kazi hii! Nikaendelea hivyo hivyo, 119, 120, hadi 131, ndipo msimamizi akahesabu. Kambi nzima wamenicheka mpaka machozi. Msimamizi anasema tuziache, nani atazihesabu. Nimekataa. Mtu akipata matatizo barabarani huku, kitu pekee anachoweza kusema ni namba ya nguzo. Wanaokuja kumsaidia watajuaje ni ipi? Kwa hiyo kila alasiri nikimaliza kazi narudi kuzirekebisha, nguzo kumi na nne, kuanzia ya mwisho kurudi nyuma. 118 ya pili itakuwa ya mwisho kabisa.

Nimemwomba msimamizi aandike likizo yangu kwenye karatasi na kugonga muhuri. Nimeitia humu, umwonyeshe Kasuku. Ukitaka kwenda milimani, nenda, sitanuna. Ila nijibu, hata neno moja tu. Na uniambie una urefu gani sasa.

Baba yako


Nyumbani, 26 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini moyo umepoa kidogo.

Nakuja.

Nimefuta jina langu kule milimani. Niliuangalia ule muhuri nikacheka, kisha nikalia, na Mama akajifanya anatafuta sindano. Nisamehe kwa lile neno la kudanganya. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo, lakini tutaimalizia njiani.

Orodha: hema (Mama ametia maua, nimeshindwa kumzuia), madumu mawili, kamba, sufuria moja, dawa ya mbu, miwani ya Kasuku. Humu ndani kuna uzi. Mama alinisimamisha ukutani akaukata sawasawa na kimo changu. Unyooshe uone.

Binti yako,
Jemadari


Nguzo ya 119, 14 Julai

Baba,

Shikamoo. Mkono unataka kuandika "u hali gani" na inabidi niuzuie.

Barua yangu ilirudi. Ililetwa pamoja na viatu vyako na sanduku la brashi, bahasha haijafunguliwa. Dereva wa lori aliifikisha kambini siku moja baada yako. Siku moja tu, Baba. Umeondoka ukiwa na ile barua nyingine, ya "Mimi". Waliikuta mfukoni mwa shati lako, imekunjwa mara nyingi mpaka imechanika katikati.

Msimamizi alikuja nyumbani akatueleza. Ulikuwa umerekebisha nguzo kumi na tatu, ikabaki moja. Ulikuwa umepiga magoti mbele yake gari lilipotoka kwenye kona. Dereva wake hakukimbia. Alikwenda mbio mpaka zahanati akawaambia kuna mtu ameumia nguzo ya 118. Gari la wagonjwa likaenda nguzo ya 118. Wakaita, wakatafuta kwenye mivinje, hawakuona mtu, wakadhani wamechezewa, wakageuza. Waliporudi mara ya pili, wakiwa na yule dereva, ulikuwa umeshachoka kuwasubiri.

Mama alitaka nitoke nje nisisikie hayo. Nilikataa. Ni barua yangu iliyokuchanganya, Baba. Mjomba ananiambia nisijibebeshe lawama, na Mama ananiambia hivyo kila asubuhi. Nawaitikia. Lakini najua ulichokuwa unafikiria ulipokuwa unatembea ile kilomita.

Basi, tumekuja. Wote wanne. Mjomba ameendesha taratibu mpaka tukapitwa na baiskeli. Kasuku alikaa mbele na kusoma kila nguzo kuanzia sifuri. Sauti yake imeanza kupasuka, namba nyingine inatoka nene na nyingine nyembamba. Kawaida tungemcheka. Kilomita ya 36 tulikula, na maji ni baridi kama ulivyosema. Kwenye 77 Mjomba alipunguza mwendo bila kuambiwa. Tulilala kwenye mivinje, ndani ya hema la maua. Kweli bahari ya hapo haina kelele. Kasuku alilala na miwani yake usoni, na safari hii sikumvua.

Leo asubuhi tulitembea mpaka 118 ya pili. Wenzako wameiacha vile vile. Msimamizi alitukuta hapo, akasema hakuna aliyekubali kuigusa, akanipa rangi na brashi uliyokuwa umeishika siku ile. Nilidhani nitaifuta yote na kuiandika upya. Kumbe kugeuza nane iwe tisa ni kuziba kipande kidogo tu cha mstari kwa rangi nyeupe, chini, upande wa kushoto. Dakika moja haikuisha. Nimekasirika sana, Baba. Nilikaa pale mchangani nikalia kwa ajili ya kazi ndogo namna ile.

Kasuku aliisoma, "mia moja na kumi na tisa," mara mbili, ili uhakikishe. Kisha nilifungua bahasha nikakusomea barua ile yote, pamoja na orodha. Uzi nimeufunga kwenye nguzo yako. Umeizunguka mara nyingi, kwa hiyo unaona nilivyorefuka.

Mama ananiita, wanakunja hema. Mjomba anauliza tunarudi au tunaendelea mpaka mwisho wa barabara. Nimemwambia tunaendelea, mimi ndiye mpangaji mkuu.

Uliomba neno moja. Nimekuja.

Binti yako,
Jemadari