Mashine Haisikii Kimya

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sijawahi kuanza na wewe bila shikamoo, na sianzi leo.

Unamkumbuka Bi Saumu, jirani yetu hapa Magogoni, siku mwanawe alipogongwa na lori Kongowea? Uliacha mihogo yako sokoni bila hata kuifunika, ukanivuta mkono tukaenda. Wanawake walikuwa wakisema wee, kila mtu na lake. Wewe ulisema "Makiwa" mara moja, ukaketi jamvini ukamkanda miguu mpaka jua likatua. Njiani nikakuuliza mbona hukumwambia kitu.

"Nimwambie nini?" ukanifokea. "Mfiwa ana masikio ya maneno? Kaa naye, basi."

Nikakua na hayo. Nilipopata kazi Nyali, ya kupokea simu za watu wa bima ya mazishi, ulijisifu mtaa mzima! Sikukwambia, mama, kwamba kuna mashine inayosikiliza kila simu na kupima kama tuna huruma. Ukisema "naelewa unavyojisikia," kwenye kompyuta huwaka kijani. Ukinyamaza, nyekundu. Nyekundu zikikuzidi, huna kazi.

Kabla arubaini yako haijafika, alipiga mzee mmoja wa Likoni. Mkewe amefariki. Alianza kumtaja jina, akashindwa, akalia. Nikanyamaza. Miguu yake sikuweza kuifikia, nikamwacha tu asikie ninavyopumua. Tulikaa hivyo kitambo. Mwisho akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa naweza kuzungumza."

Nyekundu. Msimamizi akaniita. "Mashine haikusikia huruma yoyote."

Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyohurumiana.

"Huenda," akasema, "lakini mashine si ya kwenu. Ukirudia, tutaagana."

Nina watoto wawili, mama, na wewe uliyekuwa ukinishika mkono ndiyo hivyo umekwenda. Nikayakariri yale maneno yao. Siku hizi ni kijani tupu, nasifiwa mbele ya wenzangu. Nachukia, wallahi nachukia.

Jana yule mzee alipiga tena. Nilimtambua kwa kikohozi chake tu.

"Naelewa unavyojisikia, mzee wangu," nikaanza. "Pole sana kwa..."

Akanikatiza kwa upole. "Samahani, binti. Siku ile nilizungumza na mwenzako mmoja hivi, hana maneno mengi. Hebu nipe huyo."

Nikaitazama kompyuta. Nikawafikiria watoto.

"Huyo hayupo tena, mzee wangu."

Akashusha pumzi. "Innalillahi. Amefariki?"

"Pole sana," nikamwambia. "Naelewa unavyojisikia."

Ikawaka kijani.

Mola akulaze pema, mama. Leo nikitoka kazini nitalitandika lile jamvi lako, niketi. Sitasema neno.

Ni mimi,
kitinda mimba wako