Makaa na Mabua wa Coronel Arzeno

Neuquén, 4 Machi 1997

Kwa Oreste,

Salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Afya yako sikuulizi, maana Zulema ameniandikia kwamba unakula vizuri siku hizi, tena mezani kwa Tognarelli, mwenyekiti wa Agraria. Ferroviarios nzima, klabu yetu ya watu wa reli, inajua, mimi dada yako naambiwa na jirani yako!

Kwa hiyo ni kweli? Unataka kuichanganya klabu yetu na hiyo Agraria ya wakulima? Sisi Makaa na wale Mabua shati moja? Watu wale walimwagia mama yetu mkojo jukwaani mwaka ule tulipopanda daraja, wewe ulikuwa umemshika mkono.

Na uwanja, Zulema anasema, utakuwa maegesho ya malori ya mahindi. Oreste, majivu ya Baba tuliyamwaga pale golini, upande wa tangi la maji. Alifanya kazi karakana ya treni maisha yake yote, akaomba kitu kimoja tu. Wewe ndiye uliyelia kuliko wote siku ile. Sasa unataka malori yageuze juu yake?

Nijibu. Wewe ni mwenyekiti wa klabu au dalali?

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Delmira


Coronel Arzeno, 17 Machi 1997

Dada Delmira,

Shikamoo, maana mimi nilifunzwa adabu. Mama hajambo, anakula, ingawa jana aliniita kwa jina la mjomba. Anakusalimu. Mimi sijambo pia, ahsante kwa kutouliza.

Nani atacheza, Dada? Treni haiji tena. Karakana imefungwa, nusu ya mtaa imehamia mjini kutafuta kazi. Mwezi uliopita tulianza mechi na watu tisa, na mmoja wao alikuwa dereva wa basi lililowaleta wageni. Akajifunga. Januari dhoruba ikang'oa paa la jukwaa, likaenda kutua kwenye shamba la alizeti, na sasa ligi imesema bila paa na uzio hatuchezi tena nyumbani. Tognarelli ana taa, ana uzio, ana wachezaji. Hana mapenzi na sisi, najua. Lakini afadhali nusu ya jina kuliko kaburi zima.

Wewe kuipenda Ferroviarios ukiwa Neuquén, umekaa karibu na redio na blanketi miguuni, ni kazi nyepesi. Nyasi za uwanja huu nazifyeka mimi.

Mkutano wa wanachama ni Jumapili, tarehe 20 Aprili. Kama kadi yako bado hai, njoo upige kura. Kama huji, funga mdomo.

Mdogo wako, ambaye bado ni mwenyekiti,
Oreste


Coronel Arzeno, 23 Aprili 1997

Delmira,

Natumaini basi lilikufikisha salama na kwamba hukupata usingizi.

Nilikuambia uje upige kura. Sikukuambia upande juu ya meza. Sikukuambia uwaambie watu wote, Tognarelli akiwa amekaa pale kama mgeni wetu, kwamba Baba alinizaa akiwa usingizini. Walicheka, eh, walicheka sana. Mtu wa mkate bado anacheka, leo nimenunua mkate nikiwa nimeangalia chini. Halafu nilipokuuliza mbele yao, "Sasa paa utaliweka wewe?" ukanijibu nini? "Tutavaa kofia!" Huo ndio mpango wako wa kuokoa klabu, Dada. Kofia.

Na pamoja na makofi yote hayo, ulishindwa. Waliokupigia makofi ndio hao hao walioinua mikono upande wangu. Waliobaki na wewe wangeenea kwenye benchi moja, tena mmoja alikuwa amelala.

Kisha asubuhi yake unakwenda uwanjani na koleo, unachimba udongo wa golini, unaujaza kwenye sanduku la nguo na kupanda nalo basi! Dereva aliniambia ulikataa liwekwe chini na mizigo, ukalikalisha kwenye kiti na kulikatia tiketi. Mji mzima unasema tuna wazimu wa ukoo.

Mama alilia kutwa. Usiniandikie tena.

Oreste


Coronel Arzeno, 9 Julai 1998

Oreste,

Salamu. Usijifanye umeshangaa kuona hapo juu jina la mji wako. Nimerudi tangu Februari, nakaa kwa Zulema, mitaa minne kutoka kwako. Ukiniona kwenye soko la nyama unajificha nyuma ya soseji, na mimi nakuacha, maana sina haja na uso wako. Ndiyo maana naandika. Mama hunitembelea ukiwa kazini. Hilo ulikuwa hulijui.

Ferroviarios imesajiliwa upya, mwenyekiti ni mimi. Tunacheza kwenye malisho nyuma ya machinjio, kabla ya mechi tunatoa ng'ombe. Mwanasheria wenu asijisumbue na jina: mlilitupa, tukaliokota. Baba tumemmwaga upya golini, upande wa mashariki, na tangu siku hiyo goli lile limeruhusu mabao mengi tu, kwa hiyo usidhani nakuletea hadithi za miujiza. Tunafungwa karibu kila wiki. Lakini tunajua tunachoshangilia.

Nyinyi je? Nasikia hiyo Unión, klabu yenu ya mchanganyiko ambayo wewe ni mwenyekiti wake, inavaa zambarau. Nasikia Makaa wanakaa upande huu na Mabua upande ule, na bao likiingia wanatazamana kwanza kuona nani aanze kupiga kelele.

Kombe la wilaya limetupanga pamoja, Agosti, uwanjani kwenu. Vaa vizuri.

Dada yako asiyekusalimu,
Delmira


Coronel Arzeno, 17 Agosti 1998

Dada Delmira,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi sijui.

Uliona, au umeambiwa, lakini nataka ulisikie kwangu. Tulikuwa tunaongoza matatu bila. Nilikaa jukwaa kuu karibu na Tognarelli, nimevaa tai ya zambarau, na moyoni nasema: waone sasa, na kofia zao. Kipa wenu alikuwa anaudaka mpira kama mtu anayekamata kuku. Nilifurahi, sikufichi.

Halafu yule winga wenu, fundi bomba mwenye kitambi, akapiga lile shuti baya. Likagonga mlingoti, likamgonga beki wetu kisogoni, likaingia.

Nilisimama. Sikuamua kusimama, Dada. Nilijua tu kwamba nimesimama kwa sababu jukwaa zima lilikuwa limekaa, na mtu alikuwa anapiga kelele "Makaa! Makaa!" na sauti ilikuwa yangu. Tognarelli akanivuta koti.

"Mwenyekiti, umekosea bao."

"Sijakosea," nikamwambia.

Leo asubuhi wameniomba nijiuzulu. Nimejiuzulu.

Usidhani naomba msamaha. Paa liling'oka kweli na kura ilikuwa halali. Bado nasema hamfiki miaka miwili, na kipa yule ni aibu. Nauliza jambo moja tu: mnapokea wanachama?

Oreste


Coronel Arzeno, 19 Agosti 1998

Oreste,

Salamu. Huku sote wazima. Tulifungwa manne, lakini wazima.

Nilikuona. Kila mtu alikuona. Fundi bomba anadai ulimpigia kelele kuliko mke wake. Usitegemee nikubusu.

Wanachama tunapokea. Cheo hupati, mkutanoni utakaa nyuma, na usiseme neno kuhusu kipa, ni mtoto wa Zulema. Hapa wanaokuchukia ni wengi na kiongozi wao ni mimi.

Jumamosi asubuhi tunachora mistari ya uwanja. Njoo na chokaa. Utaanzia upande wa machinjio, kule kunakonuka, na usinisemeshe mpaka nikusemeshe. Mama mlete na wewe, tutamwekea kiti.

Usichelewe, ng'ombe wanatoka saa moja.

Delmira, mwenyekiti