Mama Yangu Amemvua Mume Wangu Uraia

Alhamisi, masika. Mvua imeanza tangu alfajiri na mlima haujaonekana wiki nzima. Sihitaji kuuona. Leo sina hamu ya kuona kitu chochote kilichosimama vizuri.

Niko kazini, kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi. Wageni wa kupanda mlima hawapo kipindi hiki, kwa hiyo mashine zote ni zangu na bosi amelala. Shajara yangu ya mtandaoni, kaa vizuri. Sina neno zuri la kukuambia na sina mpango wa kulitafuta.

Jana mume wangu aliacha kuwa Mtanzania.

Aliamka Mtanzania. Akanywa chai, akapiga pasi shati mwenyewe kwa sababu haniamini na kola, akamkumbusha binti yetu Happy asisahau mwavuli. Mchana akarudi nyumbani akiwa hana nchi. Wala hakusafiri. Alikwenda tu kwa miguu hadi ofisi ya kata, akakaa kwenye benchi, akarudi.

Nianze na swali, maana haya yote yametokana na swali.

Mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja cha zahanati. Tulikifyeka wenyewe. Wanawake tulibeba mawe kichwani, wengine wakiwa na mimba, tukiimba kama wendawazimu. Diwani wetu, ambaye hapa nitamwita Mheshimiwa kwa sababu ukimwita jina lake hageuki, alikuja akaweka jiwe la msingi, akapigwa picha, akafuta mikono kwa kitambaa cheupe. Leo pale pana baa. Ina viti vyekundu vya plastiki na jiko la nyama choma, na lile jiwe la msingi ndilo analokalia mchoma nyama. Mwenye baa ni shemeji yake Mheshimiwa. Mwanamke wa mtaa wetu akishikwa na uchungu, hupitishwa mbele ya baa hiyo juu ya mkokoteni kupelekwa mjini, na walevi humpisha kwa heshima zote.

Mume wangu si mtu wa siasa. Ni fundi baiskeli, na akiwa na watu zaidi ya watano huanza kukohoa. Lakini kwenye mkutano wa hadhara alisimama, akavua kofia, akauliza: "Mheshimiwa, zahanati yetu iko wapi?" Akakaa. Watu walishangilia utadhani ametengeneza mvua. Mheshimiwa akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana na litajibiwa kwa utaratibu.

Baada ya hapo wakaanza kuja nyumbani, mmoja mmoja, wakisema Baba Happy, gombea wewe udiwani. Alikataa mpaka wakamchosha. Akajiandikisha.

Halafu utaratibu ukaja. Liliwekwa pingamizi: mgombea si raia wa Tanzania.

Baba yake mume wangu alikuwa Mnyaturu. Alitoka Singida akiwa kijana, akaja kukata miwa kwenye mashamba ya huku chini, akaikata mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akafa, akazikwa hukohuko kando ya miwa. Mume wangu alizaliwa kwenye nyumba za vibarua wa shamba hilo. Singida, shajara. Siyo ng'ambo. Basi la kwenda huko linaondoka kila asubuhi kwenye stendi hii ninayoiona dirishani, na kondakta wake ni mtu mwenye matusi sana.

Cheti cha kuzaliwa hana. Wengi waliojazana jana kwenye yale mabenchi hawana. Hata Mheshimiwa sijui kama anacho, na mama yake mzazi alitoka Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya kabisa, kila mtu hapa anajua. Lakini mama wa Mheshimiwa hakuwekewa pingamizi. Yeye hakuuliza habari za zahanati.

Aliyekuja kusikiliza alikuwa ofisa kutoka wilayani. Alijitambulisha kwamba yeye ni Msambaa wa Lushoto na kwamba ana mafua, tumvumilie. Kila akitaka kuandika alipiga chafya kwanza. Pembeni yake alikaa mwenyekiti wa mtaa, ambaye hata akitaka kupiga miayo humtazama Mheshimiwa kuomba ruhusa. Mheshimiwa mwenyewe alikaa benchi la nyuma. Alisema amekuja kama mwananchi wa kawaida.

Mume wangu akaeleza. Ofisa akauliza nani anaweza kuthibitisha. Waliokata miwa na baba yake wamekwisha, nao hata wangekuwepo nani angewaletea gari? Ofisa akauliza kama kuna mzee yeyote anayeifahamu familia. Mwenyekiti akasema, yupo, tena wa karibu sana.

Mlango ukafunguliwa akaingia mama yangu.

Sikuwa na habari. Gari la Mheshimiwa lilikuwa limempandia mpaka kwake Uru, huko juu mlimani, kumchukua. Mama alivaa kitenge kipya ambacho mimi sikumnunulia. Alitusalimia wote kama mgeni rasmi, akakaa, akapanga mikono mapajani. Mume wangu aliinuka akamwamkia shikamoo, akamsogezea kiti mbali na dirisha kwa sababu ya baridi. Nililiona hilo kwa macho yangu na sitalisahau.

Hapa lazima niwaeleze wasomaji wasio wa mlimani. Mpo wachache, wengine wote ni binamu zangu. Kwetu watu ni wa aina mbili. Kuna Wachagga, na kuna chasaka, yaani watu wa porini, ambao ni dunia yote iliyobaki. Mpare ni chasaka. Mmasai ni chasaka. Tajiri wa Dar es Salaam ni chasaka mwenye gari. Baba Mtakatifu kule Roma, mama anamheshimu mno, picha yake imetundikwa juu ya redio, lakini ukimbana sana atakuambia na yeye ni chasaka. Neno lenyewe halijui mpaka wa nchi. Linajua tu migomba inaishia wapi.

Na mume wangu ni chasaka tangu siku ya posa. Mama hajawahi kumwita jina. Chasaka amekula? Chasaka amepona? Nilizoea. Nilikuwa hata nacheka.

Ofisa akamuuliza kama anamfahamu baba wa mgombea na kama anajua alitoka wapi. Mama akajibu kwa Kichagga, kama anavyofanya mbele ya wakubwa, kwa sauti ya kanisani. Alisema huyu ni chasaka, na baba yake alikuwa chasaka.

Mwenyekiti akatafsiri: "Anasema ni mgeni. Baba yake naye alikuwa mgeni, mtu wa nje."

"Nje ya nchi?" akauliza ofisa.

Mwenyekiti akageuka nyuma. Mheshimiwa alikuwa anakagua kucha zake.

"Nje," akasema mwenyekiti.

Ofisa akapiga chafya, akaandika.

Nilisimama. Nikaambiwa nikae, mke si shahidi. Sikukaa. Nilimnyooshea kidole ofisa na nikamuuliza mama kwa Kichagga, mbele ya watu wote: na huyu bwana je? Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka kipara, bila haraka, akajibu kwamba huyo naye ni chasaka, hakuna haja ya kuuliza.

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alicheka, kisha akakumbuka aliyekaa benchi la nyuma. Ofisa akadai kutafsiriwa na wote wakanyamaza ghafla. Basi nikatafsiri mimi. Nilimwambia, "Mama anasema na wewe ni mgeni, mtu wa nje. Kwa hiyo tukurudishe wapi, Mheshimiwa Ofisa? Lushoto iko nchi gani?"

Nilidhani nimeshinda. Nilisimama pale kiuno kimeshikwa, nimejaa sifa, nikingoja akili imwingie. Badala ya akili ikaingia hasira. Masikio yake yakawa mekundu kuliko pua. Akasema hakutumwa kuja kutukanwa, akafunga kalamu yake, akatamka: pingamizi limekubaliwa. Mgombea ameondolewa, na uraia wake una mashaka mpaka alete mtu mzima aliyeshuhudia baba yake akizaliwa nchini. Akatoka. Mama alianza kazi na mimi nikaimalizia kwa mdomo wangu huu.

Mume wangu alichukua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi.

Nje tuliwakuta majirani. Mama mmoja muuza dagaa, aliyempigia vigelegele siku ya mkutano mpaka sauti ikamkauka, akamsogelea kwa huruma. "Pole, Baba Happy. Kwani kwenu hasa ni Burundi au Rwanda?" Tumekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote. Amezalia kwenye mkokoteni ambao mume wangu aliufunga gurudumu lake na kuusukuma mwenyewe. Nilitaka kumjibu. Mume wangu akanishika mkono.

Wanaume walikuwa wanaelekea baa. Mheshimiwa alikuwa ameagiza wanywe, atalipa yeye.

Nimejiuliza tangu jana, nani hasa anatakiwa kusema huyu ni wa nchi hii na huyu siye? Ofisa mwenye mafua aliyeudhiwa? Mwenyekiti anayetafsiri huku anatazama nyuma? Diwani aliyeulizwa swali akashindwa kulijibu, akaamua muulizaji ndiye asiwepo? Tukiwapa hao, basi kila mwenye swali awe na kaburi la babu yake karibu la kuonyesha. Na hakuna aliyeuliza tena habari za zahanati. Mimi mwenyewe, pamoja na makelele yangu yote, jana sikuitaja hata mara moja.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike.

Gari la kumleta mama lilikuwepo, la kumrudisha halikuwepo. Mume wangu ndiye aliyekumbuka. Akaniambia nimpeleke, barabara inateleza. Tulipata lifti ya gari la maziwa, ikatuacha njiani, tukamalizia kupanda kwa miguu kwenye tope. Huko juu nikamweleza mama, taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyekosea bila kujua. Nilimwambia neno lake limetafsiriwa vibaya. Nilimwambia ofisa ameelewa kwamba Baba Happy ametoka nchi nyingine.

Mama alikuwa amepandisha kitenge kipya kisiguse tope. Akanijibu kwa Kiswahili, kilichonyooka, kile anachogombania nacho sokoni bila kushindwa.

"Nilimsikia. Kwani mimi sijui Kiswahili?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakumsahihisha.

"Miaka yote nasema huyu si mtu wetu, mnacheka. Leo serikali imesema." Akapanda hatua, akapumua. "Watamrudisha lini?"

Akaendelea, kwa upole kabisa, upole ambao sijausikia kwake tangu baba azikwe. Alisema mimi na Happy tutalala kile chumba cha baba. Ameshakifagia.

Na kweli. Tulipofika nilikiona. Kitanda kimetandikwa, dirisha limefunguliwa, kuna kibuyu cha maziwa mezani. Chumba kilinukia sabuni. Alikuwa amekiandaa kabla ya kuteremka kwenda kutoa ushahidi.

Nilitoka bila kuaga. Nilitaka kumtukana na sikuweza, nikalia njia nzima ya kushuka, watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Namchukia mama yangu. Nimeliandika na sitalifuta. Kesho huenda nikampenda tena, lakini leo namchukia kwa moyo wangu wote, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kile kitanda nilitamani kukilalia.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ameketi na Happy, anamsaidia hesabu. Happy alikuwa ameshasikia shuleni. Mtoto anauliza kama baba si raia, yeye aandike nini kwenye fomu ya mtihani. Baba yake akamwambia aandike ukweli. Happy akauliza, ukweli upi? Wakarudi kwenye hesabu.

Tumekubaliana Jumatatu tupande lile basi la Singida kutafuta mzee aliyewahi kumwona baba yake akiwa mtoto. Hatujui kijiji vizuri. Wakati tunarudi, kura zitakuwa zimeshapigwa na Mheshimiwa atakuwa ameshashukuru wapiga kura wake.

Sijamwambia alichosema mama. Yeye hasomi huku, kompyuta anaziita televisheni zisizo na taarifa ya habari. Aliniuliza tu, "Mama alifika salama?" Nikasema alifika. Akaniuliza kama alilowana. Nikasema kidogo.

Halafu akasema mvua hii itakuwa imemmalizia mama majani ya ng'ombe, na kwamba Jumamosi atampandishia mabua ya mahindi kwa baiskeli mpaka Uru. Yeye humwita hivyo, mama, bila kuongeza "mkwe." Asubuhi hii nilipokuwa natoka alikuwa uani, kwenye mvua, anayakata mabua yawe ya kulingana ili mama asipate shida kumlisha ng'ombe.

Je, nimwambie kabla hajayafunga kwenye baiskeli, au nimwache aupande mlima nayo?